Wazao Wote wa Bura

Tlawi, Mbulu
19 Januari 2025

Baba Mdogo Sylvester, shikamoo.

Natumaini wewe na mama mdogo ni wazima hapo Hirbadaw. Sisi tunaendelea. Mahindi yamefika magotini, maharage yamepata ugonjwa wa majani lakini hatujakata tamaa. Mama anakusalimu, goti lake linamsumbua kukiwa na baridi. Shangazi Helena wa Endagikot ameezeka upya kwa bati la kijani, na sasa hapiti mtu njiani bila kuitwa aione nyumba.

Nilikupigia simu Jumapili. Kila nilichosema ulijibu, "Eee, vizuri," hata nilipokuambia Baba anaumwa, nikajua husikii. Ndiyo maana naandika. Gari la Haydom litaiacha barua dukani kwa Vicent.

Jambo lenyewe ni macho ya Baba. Tangu mwaka juzi kaka yako alikuwa anajigonga kwenye milango, tukasema ni uzee. Mwezi wa kumi na mbili akamimina chai pembeni ya kikombe mbele ya wageni, halafu akagomba kwamba kikombe kimesogezwa. Nikampeleka hospitali. Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula kutoka pembeni kama panya anavyoanza gunia kwenye kona. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na tundu dogo la katikati, na ndilo wanalojaribu kuliokoa kwa matone.

Daktari akaniuliza kama kuna mwingine. Nikakumbuka Babu Bura alivyokuwa anaongozwa kwa fimbo kwenda kanisani. Akaweka kalamu chini. "Mwalimu, huu ni ugonjwa wa damu moja. Ninyi wote mliotoka kwa huyo babu mnatakiwa kupimwa kabla hamjaona dalili, kwa sababu ukishaona dalili umechelewa. Mko wangapi?"

Sikujua. Nikafanya hesabu papo hapo: Babu alikuwa na watoto watano. Kila mmoja nikampa watoto sita, wakawa thelathini. Kila mjukuu nikampa wanne, vitukuu mia moja na ishirini. Jumla mia moja hamsini na tano. Daktari akafurahi. Akasema ukoo ukifika mia na hamsini, timu yake inaweza kuja huku na mashine mwezi wa tisa, siku moja Mbulu na siku moja kwenu Hanang, mradi nipeleke orodha ya majina kabla ya mwisho wa Julai.

Kwa hiyo naomba majina ya watoto wako na wajukuu wako, na mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja. Na wewe mwenyewe ukapimwe usisubiri hiyo siku.

Mwanao,
Genoveva Nicodemo


Hirbadaw, Hanang
6 Februari 2025

Mwanangu Genoveva,

Marahaba. Barua nimeipata ikiwa na harufu ya mafuta ya taa, Vicent ameiweka anapojua yeye. Hapa mvua imenyesha mara mbili tu. Ng'ombe wako vizuri kwa sababu majani ya mwaka jana bado yapo. Mama yako mdogo ameanza kufuga kuku wa mayai na hataki tuzungumze jambo lingine.

Habari za kaka zimeniuma. Mwambie nimekaa na barua yako mkononi mpaka chai ikapoa.

Nimekwenda Katesh nikapimwa. Macho yangu ni mazima. Masikio ndiyo hayo uliyoyasikia.

Sasa hesabu yako. Nimekuwa bwana mifugo miaka thelathini na moja, na hata ng'ombe huwezi kuwakadiria hivyo. Dada yetu Imakulata ni mtawa, umempa watoto sita wa bure. Ndugu yetu Agustino alifariki akiwa ameacha mtoto mmoja. Huwezi kuzidisha watu kama matofali. Nenda nyumba kwa nyumba.

Wa kwangu nimewaandika nyuma ya karatasi hii, watoto watano na wajukuu kumi na watatu.

Na wewe, umepimwa?

Ni mimi,
Baba yako mdogo, Sylvester Bura


Tlawi
2 Machi 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Nashukuru kwa majina, na nashukuru zaidi kwamba macho yako ni mazima. Baba anatumia matone yake asubuhi na jioni. Mama anamshika kichwa kama anayemnyoa. Shuleni mwaka huu darasa langu lina watoto themanini na wawili.

Nimefanya ulivyosema. Nimezunguka Jumamosi tatu, Endagikot, Mbulu mjini, mpaka kwa binamu aliyehamia Karatu. Wako watoto wanne wa Babu walio hai, wajukuu ishirini na mmoja, vitukuu sitini na wawili, vilembwe sita. Tisini na tatu. Nimehesabu mara nne kwa sababu nilikwishamtajia daktari mia moja hamsini na tano, tena kwa sauti ya mwalimu. Nilimpigia muuguzi wake. Akasema kwa upole kwamba watu tisini na watatu hawatoshi kusafirisha mashine. Kila mtu aende mwenyewe hospitali. Baba Mdogo, wewe unawajua watu wetu. Nani atapanda gari siku nzima kwenda kupimwa macho ambayo hayamuumi?

Lakini kuna lingine. Nilikwenda parokiani kutafuta miaka ya kuzaliwa. Katekista mzee Wolfgang akanifungulia daftari la ubatizo. Chini ya jina la Babu Bura nilikuta watoto sita. Wa kwanza anaitwa Fausta, amezaliwa 1944. Nikamuuliza Wolfgang kama alikufa mdogo. Akafunga daftari, akasema, "Muulize baba yako."

Nikamuuliza Baba. Alikuwa anaota jua. Akasema, "Andika watano." Nikamwambia daftari lina sita. Akanyanyuka peke yake, bila fimbo, akajigonga kwenye mlango, akaingia ndani. Hajanisemesha tangu Jumatano.

Fausta ni nani?

Genoveva


Hirbadaw
28 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, barabara ilikatika. Mvua ya mwezi huu imetukumbuka, mabwawa yamejaa. Ndama wawili wamekufa kwa ndigana ya kupe, tukaokoa watatu. Mama yako mdogo sasa anakusanya mayai kumi na nane kwa siku.

Kuhusu orodha, nadhani kila mtu aende hospitali kwa nafasi yake. Usijichoshe na madaftari ya zamani.

Hukunijibu kama umepimwa.

Sylvester


Tlawi
4 Mei 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Wote ni wazima. Mvua inatosha.

Nimesoma barua yako ya ndama na mayai mara tatu nikitafuta jina moja. Wiki mbili zilizopita kijana wa shangazi Helena, dereva wa lori, mwenye miaka thelathini na nane, alipimwa mjini. Jicho moja limepungua nusu naye hakujua. Ana watoto wanne na anaendesha usiku na mchana.

Sikuulizi ili nijue siri za wakubwa. Kama Fausta alizaa, kuna watu mahali fulani wanaojigonga kwenye milango na kusema ni uzee. Kama hakuzaa, niambie hivyo kwa sentensi moja, nami sitauliza tena.

Nisamehe kama nimekukosea heshima. Sijui kuandika kwa namna nyingine.

Genoveva


Hirbadaw
1 Juni 2025

Mwanangu Genoveva,

Marahaba. Hujanikosea. Nimeandika barua hii mara nne, na hizo tatu mama yako mdogo amewashia moto.

Fausta ni dada yetu wa kwanza. Yuko hai. Anaishi hapa Hirbadaw, kutoka kwangu kwenda kwake ni mwendo wa dakika ishirini.

Unajua nilikuwa na miaka tisa mwaka 1962. Dada alikuwa na miaka kumi na minane. Alipata mimba kabla ya kuolewa, na kijana mwenyewe alikana. Siku hizo tulikuwa tumebatizwa, lakini mwiko wa zamani ulikuwa bado unatawala. Msichana wa namna hiyo alihesabiwa kuwa amechafua nyumba, mifugo na hata mvua. Hakuruhusiwa kujifungulia katika nchi yetu. Alitolewa nje, aende kokote, na jina lake halikutajwa tena nyumbani. Wazee wenzake baba walikuja asubuhi. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walisimama tu mpaka akatoka. Mama alimpa jembe na kibuyu cha mbegu za mahindi. Baba hakutoka ndani. Mimi nilimfuata mpaka mtoni, akaniokotea jiwe kama anayetaka kunirushia, nikarudi nikilia.

Alitembea siku sita kushuka huku mbugani. Mfugaji mmoja wa Kibarbaig aitwaye Gidamis alimkuta kisimani, akamchukua, na baadaye akamfanya mke wake. Huyo mtoto aliyefukuzwa naye alizaliwa salama. Alimwita Bura, jina la baba yetu.

Mwaka 1981 nilitumwa huku kusimamia josho la kuogeshea ng'ombe. Siku ya tatu nikamsikia mama mmoja anamgombeza ndama kwa Kiiraki cha kwetu. Nikageuka. Yeye alinitambua kabla yangu. Akasema, "Jiwe lile nisingelitupa." Nilikaa chini pale pale kwenye matope ya josho mbele ya watu.

Nilirudi Tlawi kumwambia baba. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Katika nyumba hii nina watoto watano. Niapie." Nikaapa kwamba sitamtaja nyumbani kwake. Halafu nikaomba uhamisho nikahamia hapa. Mlisema nimependa ardhi ya Hanang. Wanangu wanamwita shangazi. Wakija kwenu huwa nawafunga midomo.

Baba alikufa, mama akafuata. Nikasema nitasubiri Nicodemo aniulize, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Hakuuliza kamwe. Nikadhani hataki kujua. Miaka ikapita hivyo, na kadiri ilivyopita ndivyo nilivyoona aibu zaidi kuanza.

Dada haoni tangu miaka minane iliyopita. Bura wake haoni jicho moja. Hapa wanasema ni laana aliyokuja nayo kutoka kwenu milimani. Na mimi, niliyeona baba akiongozwa kwa fimbo, niliyapokea maneno hayo nikanyamaza. Hilo ndilo lililonifanya nichelewe kukujibu. Barua yako ya kwanza ilinionyesha kwamba ningeweza kusema mapema, na watu wakapona.

Msomee Nicodemo ukiona inafaa.

Sylvester


Tlawi
22 Juni 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Nimemsomea.

Huku ni baridi ya kweli, umande unakaa mpaka saa nne. Tulikaa jikoni karibu na moto, Mama, Baba na mimi. Nilipofika pale pa "yuko hai" Baba alisema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara tano. Kisha akafunika uso wake kwa kofia.

Baadaye alizungumza, na haya ndiyo uliyokuwa huyajui. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi moja bibi alimuuliza kwa nini dada yake anachelewa kurudi na maji. Akajibu, bila kujua anasema nini, kwamba Fausta anatapika mtoni kila siku. Wiki ile ile wazee wakaja. "Mimi ndiye niliyemtoa," Baba alisema. "Nilidhani amekufa njiani. Nilidhani Sylvester anajua kwamba ni mimi, ndiyo maana akahama asikae karibu nami."

Mmekaa hivyo miaka arobaini na minne, Baba Mdogo, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mama alinyanyuka akasonga ugali kwa hasira mpaka nikaogopa atavunja sufuria.

Baba anataka kuja huko. Na mimi nataka majina. Shangazi Fausta ana watoto wangapi, wajukuu wangapi, vitukuu wangapi? Zimebaki wiki tano.

Genoveva


Hirbadaw
20 Julai 2025

Mwanangu Genoveva,

Marahaba. Upepo wa huku umekausha mpaka ndimi za ng'ombe. Tuko salama.

Nilimwambia dada habari za Nicodemo kuja. Akaagiza nyumba yake ifagiliwe, na imefagiliwa kila siku tangu hapo.

Orodha ilitaka kunishinda. Nilikwenda bomani kwa dada na daftari, nikauliza ulivyouliza wewe: wangapi? Bura akasimama akaniambia, "Mjomba, unahesabu ng'ombe wa kuuza au unahesabu watu?" Kwa Wabarbaig mtoto hahesabiwi, ni kumwitia kifo. Wanawake wakawaingiza watoto ndani. Nikarudi nyumbani na karatasi nyeupe.

Siku ya pili dada aliniita mwenyewe. "Ulikosea kuuliza," akasema. "Usiulize wangapi. Niulize nani." Akakaa kwenye kigoda, akaanza na Bura. Alitaja kila jina, na mama yake, na msimu aliozaliwa: huyu mwaka wa ukame, huyu wiki daraja lilipochukuliwa na maji, huyu alizaliwa juu ya mkokoteni. Tulikwenda siku mbili. Alisahau mmoja tu, akamkumbuka katikati ya chakula, akacheka mpaka uji ukamwagika. Watu walikuja kusimama kusikiliza, na wanawake walewale wakaanza kumsahihisha.

Nilijumlisha nyumbani, sikumwambia mtu. Yeye mwenyewe, watoto wanane, wajukuu thelathini na tisa, vitukuu sitini na tisa. Mia moja na kumi na saba. Mtoto aliyetolewa ana watu wengi kuliko sisi wote tuliobaki.

Ukichanganya na tisini na watatu wako wanakuwa mia mbili na kumi. Lakini nimeisoma ile orodha uliyonitumia, jina kwa jina, na ina kosa. Nicodemo ana watoto saba. Umeandika sita. Mwalimu mwenyewe hayumo.

Mara mbili nimekuuliza kama umepimwa, mara mbili umenijibu habari za watu wengine. Mimi ni mtaalamu wa kunyamaza, nalitambua hilo jambo nikiliona.

Nitumie orodha kamili.

Sylvester


Tlawi
29 Julai 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Orodha nimeifikisha leo mwenyewe, kurasa kumi na moja. Muuguzi alisoma jumla akaniangalia juu ya miwani. Wamekubali. Tarehe 9 Septemba Mbulu, tarehe 11 Hirbadaw.

Majina ni mia mbili na kumi na moja.

Baba na Mama watakuja kwenu tarehe 10. Mimi sitaweza, tarehe 10 na 11 ni mtihani wa darasa la saba na nimepangwa kusimamia. Tafadhali niandikie kila kitu. Usiniandikie mayai.

Genoveva


Hirbadaw
21 Septemba 2025

Mwanangu Genoveva,

Marahaba. Mayai ni ishirini na mbili, hilo ni lazima ulijue, mama yako mdogo amesimama hapa.

Wazazi wako walifika salama. Gari liliwashusha kwa Vicent, tukawachukua kwa mkokoteni kwa sababu ya goti la mama yako. Tulipokaribia, dada alikuwa amekaa nje tangu asubuhi, amevaa shanga zake zote na juu yake koti la sufu ambalo nilimletea siku nyingi na hajawahi kulivaa. Nilimshika Nicodemo mkono nikamweka mbele yake. Basi, wakawa hapo, huyu haoni kabisa, yule anaona tundu. Nicodemo akawa anasogeza kichwa huku na huku kama jogoo ili ampate kwenye lile tundu.

Alikuwa amejiandaa na maneno mengi, nilimsikia akiyarudia njiani. Yalimtoka hivi tu: "Dada, mimi ndiye niliyesema."

Dada akauliza, "Ulisema nini?"

"Kwamba unatapika mtoni."

Watu wote wa boma wakasogea karibu, hata wasiojua Kiiraki. Kisha dada akasema, "Nicodemo, miaka yote hii ulifikiri tumbo lile lingefichika? Ulidhani ningezaa mtoto na kuwaambia ni boga?"

Akacheka. Nicodemo alikuwa analia na yeye anacheka, mpaka sikujua nani anafanya nini. Akampapasa uso, akamshika masikio, akasema masikio ni yaleyale. Akamwambia, "Mama alikuwa anajua kabla yako. Ndiyo maana mbegu zilikuwa tayari kibuyuni." Hilo hata mimi sikuwahi kuambiwa.

Nicodemo akasema kwa sauti, kwa Kiiraki halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba yeye ndiye mkubwa wa nyumba ya Bura sasa, na nyumba hiyo ina watoto sita.

Siku iliyofuata timu ikaja. Wakafunga mashine shuleni. Yule daktari alieleza mwenyewe kwamba huu ni ugonjwa, umetoka kwa babu, haujatoka kwa dhambi ya mtu yeyote. Bura akamtafsiria kwa Kibarbaig, na alipofika mwisho alirudia mara mbili bila kuombwa. Waliokutwa na presha ya macho ni kumi na wanne. Watatu ndio waliokuwa wanajua wana tatizo. Bura wamempa matone, na atafanyiwa upasuaji mwezi wa kumi ili jicho lililobaki lisiondoke. Macho ya dada hayatarudi. Aliambiwa, akajibu, "Mimi nimeshaona. Angalieni hao." Kitukuu wake mmoja wa miaka kumi na saba amekutwa mapema kabisa. Daktari alifurahi kama aliyepata zawadi.

Baba yako anakataa kurudi kwanza. Yeye na dada wanakaa nje siku nzima wanabishana jina la kijito kilichopita nyuma ya shamba la mzee wa jirani. Mama yako amewachoka.

Mbulu ilikuwaje? Na usinifiche.

Sylvester


Tlawi
12 Oktoba 2025

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua yako nimeisomea darasani peke yangu wanafunzi wakiwa wameshatoka, na ikabidi ninawe uso kabla ya kwenda nyumbani. Mwambie Baba kijito kinaitwa anavyosema shangazi. Mama amenieleza ubishi wao, nami nimewauliza wazee wa huku.

Mbulu walikuja themanini na mmoja. Waliokutwa ni tisa.

Mimi ni wa tisa.

Nilijua, au niliogopa kwamba najua. Tangu mwaka jana wanafunzi wanaokaa pembeni mwa darasa walikuwa wananijia ghafla, kama wametoka ukutani. Nilihangaika na orodha ya watu wote ili nisipate nafasi ya kukaa kwenye kile kiti cha kupimiwa. Siku ile nilipanga foleni, nikaita majina, nikagawa maji. Saa kumi muuguzi akachukua orodha mkononi mwangu, akasoma, "Genoveva Nicodemo." Nikasema yuko nje. Akasema, "Mwalimu, kaa."

Nimepoteza kidogo, pembeni upande wa kushoto. Daktari anasema nikitumia matone bila kuruka nitafundisha mpaka nistaafu na nitaona wajukuu wangu. Mwanzoni nilikuwa nalia nikiweka matone, yanatoka yote. Sasa nimezoea. Nakushukuru kwa kuniuliza mara tatu.

Mama amerudi Alhamisi, na ameniambia mpango wa Baba: Krismasi anakuja huku na shangazi Fausta na Bura. Nimetenga chumba cha mbele. Shangazi Helena, ambaye hajawahi kumwona dada yake kwa kuwa alizaliwa baada ya yeye kuondoka, anasema lazima alale Endagikot kwenye bati la kijani. Watagawana siku. Mzee Wolfgang ameomba awe wa kwanza kumsalimia mlangoni mwa kanisa. Aliniambia kwamba alikuwa na miaka kumi na minne, na alisimama barabarani akamtazama akipita na jembe.

Habari imeenea, na kuna jambo ambalo sikulitarajia. Jumapili baada ya misa mzee Joakimu wa mlimani alinisubiri kando ya ukuta. Unamfahamu, haongei na mtu. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Akasema, "Mwalimu, nasikia wewe unatafuta watu." Ndani ya karatasi kulikuwa na jina moja, dada yake. Jioni ile ile akaja mama mwingine kutoka bonde la chini, hakutaka kuingia ndani, akanitajia jina la shangazi yake kupitia ua. Mpaka jana nina majina manne. Wote walitolewa kama yule wetu. Wote waliondoka wakiwa wajawazito, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa habari zake.

Nimenunua daftari jipya. Sitaanza tena na makadirio.

Wewe ulizunguka majosho yote ya Hanang miaka thelathini na moja, na shangazi Fausta anajua akina mama wa mbuga nzima. Naomba umwulize taratibu. Wa kwanza anaitwa Gaudensia. Aliondoka Tlawi mwaka 1958, mrefu, ana pengo la meno ya mbele, anaimba sana akifanya kazi. Kaka yake yuko hai na anauliza habari zake.

Mwanao,
Genoveva